Tamimu Kamtoa Mama Epifania Kwenye Grupu

Shoga! Asmahani! Acha huo uji uungue, soma hii!

Tamimu wetu, admini wa grupu la Kasulu Yetu, leo kamtoa Mama Epifania. Mama Epifania! Mwenye fremu anayompangisha duka!

Si unaijua sheria yake? "Habari za mji tu, matusi marufuku." Mama wa watu kaingia, kamwandikia mbele ya wote: "Tamimu, nyoko araho?"

Nyoko! Mtoto wa Tanga kaona katukanwa. Katoa!

Simu zikammiminikia. "We Tamimu, hicho ni Kiha! Nyoko ni mama yako tu, araho ni hajambo. Anakuuliza, mama yako hajambo?"

Tamimu akampigia Mama Epifania kuomba radhi, simu kaiweka spika, dukani tumejaa. Na mama yake mzazi, Bi Mwanahawa, kaja juzi tu kutoka Tanga, kakaa palepale pembeni yake.

Mama Epifania wala hana kinyongo, anacheka. "Yameisha mwanangu. Ila hujanijibu. Nyoko araho?"

Weee! Bi Mwanahawa kampokonya simu: "Nani huyo anayemtukania mwanangu mama yake?"

Halafu Mama Epifania, kwa furaha kabisa:

"Eheee! Kumbe araho!"