Waliosimama Ukutani

Dada yangu mpendwa Litara,

Nakusalimu kwa upendo kutoka huku ng'ambo ya bahari, kwenye mashamba ya mapeasi ya jimbo la Victoria. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba mguu wa mama umepungua uvimbe. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, na safari hii nikisema sijambo ni kweli. Uuvumilie mwandiko, unajua shule na mimi tuliachana mapema.

Jana nimerudi kazini. Nimepanda ngazi, nimejaza mfuko, nimeshuka bila kushika mti. Wenzetu wa kijijini kwetu Safotu walinipigia makofi, kisha Ioane akaniuliza kama nimekuja kuchuma au kupunga upepo.

Ile korona niliyokuandikia kwamba ilinigusa iliniacha na kifua kama mfuko uliotoboka. Kufunga viatu tu nilitweta. Hospitali wakanitia kwenye darasa la mazoezi ya pumzi, analofundisha dada mmoja anaitwa Bronwyn. Usicheke. Watu wazima tunafundishwa kupumua: kuvuta kwa pua, kutoa taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama unapoza chai. Tunakaa kitini na kuinuka, tunakaa na kuinuka. Wenzangu wote ni wazee. Yupo Bi Noreen, mjane mwenye maneno mengi kuliko pumzi. Yupo Mzee Des, aliyekamua ng'ombe maisha yake yote, na sasa haendi popote bila mtungi wa oksijeni kwenye kigari. Siku ya kwanza aliniambia ni aibu jitu zima kama mimi kutweta hivyo, hata mtungi wake una nguvu kunishinda.

Kila baada ya muda tunapimwa kwa kutembea haraka, kwenda na kurudi kwenye korido, kidude kikiwa kidoleni kusoma hewa iliyomo kwenye damu. Wanaosubiri hukaa kwenye viti ukutani. Nilishindwa mara ya kwanza, nikashindwa ya pili. Bronwyn alisema kifua changu kinanikunja, na mtu anayekunjika hawezi kupewa ruhusa ya kupanda ngazi. Msimamizi wa shamba naye akaniambia bila kunificha kwamba nikishindwa tena, narudi Samoa na ndege ijayo, na msimu mwingine nisitegemee kuitwa. Nilifikiria nyumba ya mama isiyo na paa upande wa jikoni.

Aliyegundua ni Mzee Des. Alinyoosha kidole na kuuliza mbona yule kijana akifika dirishani pasipo na mtu ananyooka kama mnazi, ila akifika mbele yao anakunjika kama kisu. Nilishangaa kuulizwa. Nikamjibu kwamba wamekaa, nao ni wakubwa zangu. Nitapitaje mbele yao wima, kama mtu asiye na mama? Dada, nilikuwa nainama na kuomba radhi, tulou, tulou, kwenye kila kiti, kwenda na kurudi, nimekibana kifua, na wala sikujua kwamba nainama. Bi Noreen alicheka mpaka akakohoa. Akasema wajukuu zake wanaruka miguu yake kama magogo.

Bronwyn aliniomba nitembee wima tu. Nilijaribu. Nilipofika kiti cha kwanza, mgongo ukashuka wenyewe.

Ndipo Mzee Des akashika kigari chake, akasimama. Bi Noreen akafuata, kisha wote, mmoja mmoja, wamejiegemeza ukutani, midomo wameibana kama tulivyofundishwa. Watu ambao kusimama kwenyewe ni kazi ya kutwa. Mzee Des akanifokea nitembee basi, mjinga mimi, wao hawatasimama pale mpaka Krismasi. Nikatembea, dada. Wima, mbele ya wakubwa zangu wote, na machozi yakinitoka. Nikapita.

Sasa nikwambie ulilokuwa hulijui. Korona haikunigusa tu. Nililazwa siku nyingi, nikipumua kwa mashine, na daktari alimwambia Ioane awe tayari kuwapigia simu. Nilipozinduka nilimkataza asiwaambie, kwa ajili ya moyo wa mama. Ningeendelea kunyamaza, lakini nina ombi, na ombi lenyewe halifichiki. Naomba ule mkeka mwembamba wa heshima ambao mama ameusuka miaka yote hii. Nataka kuuweka mbele ya Mzee Des, na wenzake wakiwepo. Mapafu yake hayatapona kama yangu, Bronwyn ameniambia, kwa hiyo utume mapema.

Mama atauliza ni wa harusi ya nani, au msiba wa nani. Mweleze yote, taratibu, akiwa amekaa. Akiuliza huyo mzee ni chifu wa wapi, mwambie alikuwa mkamuaji wa ng'ombe, na kwamba alisimama ili mimi, mwanawe, nipite.

Wasalimie wote nyumbani, na wapwa zangu uwabusu mmoja mmoja.

Ni mimi mdogo wako, ninayepumua,
Lafaele