Fadimata na Mstari wa Mama

Jumamosi, Februari inaishia. Theluji iliyeyuka mchana, jioni ikaganda tena, na ngazi za nje zinateleza kama sabuni. Wanangu wawili wamekwenda kucheza mpira wa ndani. Mimi nimebaki na wivu wangu.

Nimeliandika neno hilo, nikalitazama. Ndilo. Huzuni naijua, na hii siyo.

Ninayemwonea wivu ni Fadimata. Tunasimama meza moja katika kiwanda kule Plymouth, huku ughaibuni, tunapakia vifaa vya hospitali. Ni Mtuareg kutoka Niger, watu wa jangwani, wale ambao wanaume wao ndio wanaojifunika uso. Jana wakati wa mapumziko alinimiminia chai yake kali ya nanaa, akanionyesha simu. Alikuwa ametuma mate yake yapimwe vinasaba, ajue asili ya watu wake. Majibu yametoka.

Upande wa mama yake unaelekea kaskazini, hadi ng'ambo ya bahari. Kwingine kuna Waberberi, kuna na Waafrika wa kusini ya jangwa. Kwao husimuliwa kwamba wametokana na malkia aliyekuja toka kaskazini amepanda ngamia mweupe.

"Mate yangu hayakumtaja ngamia," alisema kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga, akacheka. "Lakini njia ni ile ile!"

Atieno, msimamizi wetu Mkenya, akapita. "Mama, mwambie malkia afunge ngamia wake, break imeisha."

Tukiwa tunavaa glovu akanieleza zaidi. Katika vinasaba kuna kitu ambacho mtoto hupokea kwa mama peke yake, na mama kwa mama yake, hivyo hivyo kurudi nyuma. Mtoto wa kiume naye hupokea, ila kwake kinaishia. Akasema kwao hata hema ni la mwanamke: binti akiolewa, mama yake ndiye humpa. Yeye ana mabinti watatu. Alipoanza kunitajia majina yao, nilijifanya natafuta glovu nyingine.

Sikutaka kuyasikia.

Mimi habari za vinasaba nilizijulia hospitalini. Daktari alinichorea kwenye karatasi jinsi sikoseli, ugonjwa wa damu, inavyorithiwa, nusu kwa baba, nusu kwa mama. Neema, mwanangu wa kwanza na binti wangu pekee, alikuwa amekaa pembeni yangu akila biskuti. Alifariki mwaka juzi. Wakati wa baridi alikuwa akiniwekea soksi juu ya hita kabla sijaenda kazini, ili nivae zikiwa na moto. Siku hizi naweka mwenyewe, na huwa nasahau.

Elimu ni moja. Yeye imemletea malkia, mimi ililetea nyumba yangu jina la ugonjwa. Na sasa naambiwa mstari wa mama yangu unaishia kwa vijana wawili wanaopiga mpira.

Kabla hatujaachana, Fadimata aliniuliza bibi yangu mzaa mama aliitwa nani. Nikajibu upesi, "Mama Furaha."

"Na Furaha ni nani?"

"Mama yangu."

"Basi hilo ni jina la mtoto wake. Lake je?"

Silijui. Kwetu Fizi mwanamke akishazaa, jina lake la usichana huachwa, anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Bibi alifariki tukiwa katika kambi ya wakimbizi Kigoma, na wote waliomjua akiwa msichana hawapo tena. Fadimata anawataja mama zake kama mtu anayehesabu shanga. Niliona wivu.

Leo nimeosha vyombo nikiwaza hayo. Bibi sasa ana jina moja tu duniani, na binti yake ndiye aliyempa. Kwa Fadimata vitu hushuka, toka kwa mama kwenda kwa binti. Kwetu jina hupanda.

Tangu msiba, kanisani wameacha kuniita Mama Neema. Naitwa Mama Josue, kwa mwanangu wa pili. Wanafanya kwa huruma, wasinitoneshe kidonda. Nami nimekuwa nikiitika.

Mikono ilikuwa bado na povu simu ilipolia. Ni Mama Riziki, kiongozi wetu wa akina mama kanisani.

"Mama Josue, kesho unaleta sombe?"

"Nitaleta, majani ya muhogo ninayo. Lakini uniite Mama Neema."

Nikasikia kijiko chake kikigonga sufuria.

"Haya, Mama Neema. Na pilipili usisahau, ile ya juzi ilikuwa ya watoto."

Nimecheka, kisha nikalia kidogo, kisha nikatoa sombe kwenye friza.

Wivu haujaisha. Nikimfikiria Fadimata na mahema yake matatu ya kugawa, bado unachoma. Ila Jumatatu, akinimiminia chai, nitamuuliza majina ya mabinti zake. Nitayasikiliza yote matatu. Kisha nitamtajia la binti yangu.