Sikuwa Kimya Kwenye Ule Mkanda

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada maana hapa nyumbani hakuna wa kunisikiliza. Mimi ni mjane wa yule msanii wa video wa kwanza kabisa nchini kwetu, aliyeanza enzi ambazo watu wakiona kamera wanauliza harusi ni ya nani, na kazi iliyompa jina ni mkanda unaonionyesha mimi kwa nyuma, jikoni, naosha vyombo, kimya, basi. Wanafunzi wake wote nao wamepiga mikanda ya migongo, wakija kunisalimia wananiomba nigeuke kidogo, na profesa mmoja ameandika kitabu kizima kuhusu ukimya wangu. Mshauri, sikuwa kimya. Nilikuwa nasema mfululizo, namwambia nimechoka kutazamwa kutwa na mtu asiyeniuliza nimeshindaje, na kwamba sabuni ikiisha narudi kwetu, ila marehemu alisahau kuchomeka kipaza sauti, baadaye akaona aibu kusema, na mkanda unakatika ghafla kwa sababu aliweka kamera chini, akakunja mikono ya shati, akaja kusugua sufuria, ingawa profesa anasema kule kukatika ni ishara ya kifo. Sasa kuna maonyesho ya kumkumbuka, wanataka nisimame jukwaani niwape watu mgongo, bila neno, na binti yangu ananiambia, "Mama, tafadhali, usije ukamwaibisha baba." Nampenda marehemu hadi leo, lakini sitaki kufa nikijulikana kama mwanamke asiyesema. Nifanyeje?

Mgongo

Mshauri anajibu:

Pole kwa msiba, Mgongo, na pole kwa profesa. Lakini hebu soma barua yako mwenyewe. Unalalamika hukusikika, huku umeandika kwamba mtu aliiacha kamera yake akashika sufuria. Huyo alikusikia, mama. Ni yeye peke yake aliyekusikia, na hayupo tena, ndiyo maana inakuuma.

Binti yako mwambie aache woga, baba hakuaibika kusugua sufuria. Wewe nenda. Dai beseni, sabuni, na vyombo vichafu vya kweli. Wape mgongo kama walivyotaka, osha, na useme yote uliyosema siku ile, hata la kurudi kwenu. Ukifika kwenye sufuria, geuka. Profesa ataandika kitabu kingine, mwache, ndiyo kazi yake.

Ila kabla hujapanda jukwaani, kakague mwenyewe kama kipaza sauti kimechomekwa.