Mshipi wa Mvuvi kwenye Udi Wangu

Mama yangu, shikamoo.

Jana hapa Ushongo nilipiga udi arusini peke yangu, bila bendi, kwa mara ya kwanza. Wimbo wa pili tu, uzi mnene ukakatika. Nikajiona narudi kukata mkonge kama Baba! Baba wa bibi arusi, mvuvi, akakata kipande cha mshipi wake wa kuvulia: "Jaribu huu, mwanangu."

Nikaufunga. Mama, udi ukalia kama wewe unapoimba umefumba midomo huku ukipepeta mchele. Akina mama wakaacha wali upoe, wakainuka kucheza. Mdogo wake bibi arusi anaolewa baada ya Ramadhani, nami nimeshaitwa kupiga.

Basi mwambie Baba, ile nafasi aliyoniombea kwa mnyapara wa mkonge apewe mwingine.

Naibusu mikono yako, na makapi ya mchele yaliyoigandia.

Mwanao, Shabani