Farasi Wako Anakula kwa Sauti Yako

Kaka,

Hujambo huko uliko? Nakuandikia kwa sababu simu hupokei.

Farasi wako ametutoa jasho. Daktari wa mifugo alimng'oa gego lililooza, akaniagiza nimpe pumba zilizolowekwa na nimsafishe kinywa kwa maji ya chumvi. Siku tatu akagoma kula. Nilibembeleza, nikafoka, akapiga ndoo teke, pumba zikanijaa kifuani. Kwa hasira nikaufungua ujumbe wako wa sauti wa mwaka jana, ule wa "Jumamosi nipo nyumbani, msile bila mimi," ili naye asikie bwana wake alivyo mwongo. Akasimamisha masikio, akala mpaka akaramba ndoo.

Tangu hapo naufungua kila mlo. Kidonda kimefunga, na leo ametafuna nyasi.

Lakini banda liko nyuma ya jiko, na mama siku hizi anasahau mambo. Kila akiisikia sauti yako anakupakulia, kisha anakaa mbele ya sahani yake, hagusi kitu. Nikimsihi, ananigombeza kwamba nina haraka gani.

Sasa farasi anakula, kaka. Asiyekula ni mama.

Ni mimi dada yako, ninayenuka pumba mpaka kwenye nywele.