Mama wa Plastiki wa Kasapa

Alhamisi. Mvua ya kwanza imenyesha mchana, vumbi limelala, nami niko barazani hapa Kampemba na kikombe cha chai iliyopoa zamani. Mwili umerudi nyumbani. Akili bado iko chuoni Kasapa.

Tangu Pasaka nimekuwa nikiiota bourse ile. Wafadhili wa ng'ambo wanalipia mwaka mzima wa masomo ya ukunga: ada, vitabu, hata nauli. Mimi ni muuguzi wa kituo kidogo, na kuzalisha nimejifunza kwa kutazama wakubwa wangu. Nilishajiona chuoni, koti jeupe, daftari kwapani, nikitembea polepole chini ya mijakaranda. Kazini wananicheka. Wanasema nikikunja bandeji, kichwani nimeshahitimu.

Leo ilibaki nafasi moja na watahiniwa wawili: mimi na Mireille, binti wa kituo kingine, mdogo wangu kwa miaka kumi.

Mtihani wenyewe ulikuwa mwanasesere. Mwanamke wa plastiki, ukubwa wa mtu, amelazwa mezani. Tuseme ametoka kujifungua, na maji mekundu yanamtoka kama damu. Uyazuie kabla muda haujaisha.

Nilipomwona yuko wazi mbele ya watu, nilisahau kuwa ni plastiki. Nikavua kikwembe nilichojitanda kwa ajili ya mvua, nikamfunika. Nikamshika mkono.

"Jambo Maman. Jina yako ni nani? Usiogope, niko hapa."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa mbali.

Nilikuwa nangoja jibu, jamani.

"Maman Béa," daktari msimamizi akasema taratibu, "ule mama amekufa."

Nikaenda kukaa kwenye benchi. Ikaja zamu ya Mireille, aliyekuwa akinitazama muda wote. Nilitaka ashindwe; naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Lakini alikiacha kikwembe palepale, akamsemesha yule mama kwa maneno yangu yaleyale, huku mikono yake imeshaanza kukanda tumbo. Hakunyamaza hata kidogo, wala mikono haikupumzika. Damu ikasimama. Safari hii hakuna aliyecheka.

Nafasi wamempa papo hapo. Nililia chooni, nikanawa uso, nikatoka.

Getini alinifuata mbio. "Yaya," akaniita, kama dada yake mkubwa, "kikwembe yako hii."

"Baki nayo," nikamwambia. "Ule mama hawezi kulala wazi mwaka muzima."

Sasa hewa inanukia udongo, na bado namwona mama wa plastiki, amefunikwa maua ya njano ya kikwembe changu. Sijui kama itatokea bourse nyingine. Kesho naingia zamu asubuhi. Mama wa kwanza atakayefika nitamuuliza jina lake, na mikono yangu haitangoja jibu.