Zamu ya maji na jibu analolisubiri Elinami

Jumamosi, mwezi wa saba. Ukungu umelala juu ya kijiji chetu cha Mamba, huku milimani, tangu alfajiri, hata migomba ya jirani siioni. Nimevaa sweta la mume wangu. Leo ni siku ya nne nalivaa na sitalifua, maana kola yake bado ina harufu yake.

Mume wangu. Ngoja niandike tena: mume wangu! Wiki saba tangu tufunge ndoa na bado nikiliandika neno hili natabasamu peke yangu kama chizi.

Katika wiki hizo saba, tumelala nyumba moja siku kumi na moja tu.

Kama wewe ni msomaji mgeni hapa, Elinami wangu ni fundi wa maabara. Amepelekwa ng'ambo kujifunza kazi ambayo nikiisimulia kanisani watu wanadhani nimetunga: anaotesha ngozi ya binadamu. Wanachukua kipande kidogo cha ngozi nzima, kama ukucha hivi, wanazitenganisha seli zake, wanazilisha mpaka zinazaana. Halafu kuna mashine inazipanga tabaka juu ya tabaka, kama printa, ila badala ya wino inatoa kitu kama uji, na uji huo una uhai. Biolojia ya kidato cha nne nilipata C, lakini hili nimelielewa vizuri, kwa sababu linanihusu.

Nilimwagikiwa na sufuria la makande nikiwa na miaka sita, nyumbani kwetu Bendera, kule tambarare. Kovu linaanzia shingoni upande wa kushoto mpaka kwenye kiwiko, na nikiinua mkono linavuta. Hospitalini walinichuna ngozi ya paja ili wazibe pale palipoungua, nikawa na vidonda viwili badala ya kimoja. Nilivaa mikono mirefu miaka yote ya shule, hata Machi, na Machi ya Bendera si ya mchezo.

Siku niliyokutana na Elinami nilikuwa nimempeleka binamu yangu kupimwa malaria. Aliliona kovu, hakuangalia pembeni. Aliuliza, "Walikuchuna pajani?" Hakuna mwanaume aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimpenda palepale, na sindano ya kumpimia binamu yangu bado iko mkononi mwake!

Kabla hajasafiri nilimuuliza kama ngozi anayokwenda kuiotesha ni ya kuja kunibadilisha mimi. Akasema hapana, ni ya mtoto ambaye ataungua kesho.

Nililia. Bado nikikumbuka nalia.

Sasa niandike lililo moyoni. Ijumaa ya wiki iliyopita alinipigia akasema wakubwa wake wanataka abaki miaka miwili zaidi. Jibu ni Jumatatu. "Bila neno lako sijibu," alisema. Wiki nzima nimezunguka na swali hilo kama jiwe kwenye kiatu.

Na jana nikaharibu shamba.

Huku kwa mama mkwe tunamwagilia kwa ndiva, yaani bwawa la udongo linalojazwa usiku kwa maji ya kijito. Asubuhi linafunguliwa na maji yanashuka kwa mifereji, kila nyumba kwa zamu yake. Zamu yetu jana iliangukia saa kumi jioni, saa ileile anayopiga Elinami, na mtandao unapatikana sehemu moja tu, juu ya jiwe kubwa nyuma ya kanisa. Mama alikuwa ameenda msibani. Mimi mtoto wa tambarare nikajiona mjanja: nikauondoa udongo wote unaobana mdomo wa mfereji, maji yaingie kwa wingi, yamalize haraka. Nikakimbilia jiweni.

Alipiga. Sauti yake! Nilikalia jiwe lenye baridi nikahisi nimekalia jua.

Akanieleza kwa nini kazi haiendi. Ngozi ikishakuwa nene, inakufa katikati, kwa sababu chakula hakifiki ndani. Kwa hiyo sasa wanatengeneza vibao vya plastiki, vidogo kama stempu, vyenye mifereji myembamba kuliko unywele, ya kupeleka chakula mpaka seli ya mwisho. Wakisukuma kwa kasi, seli zinang'oka. Wakipunguza mno, zinakufa njaa. Kiputo kimoja cha hewa kikiziba mfereji, kazi ya mwezi imekwisha.

"Yaani mke wangu, nimepanda ndege kuja kuwa mgawa maji," alisema. Tulicheka mpaka nikakohoa.

Halafu akauliza, "Sasa unasemaje?"

Nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka mtandao ukakatika.

Niliposhuka nilikuta matuta ya juu yamebebwa, tangawizi imebaki mizizi wazi, na maji yamevuka mpaka kwenye maharage ya Mama Neema, jirani yetu. Tuta la mwisho, kule chini, lilikuwa kavu kama majivu.

Mama Neema alikuwa amesimama katikati ya tope, mikono kiunoni. "Bi harusi, hii ni zamu au gharika ya Nuhu?"

"Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba. Mwenzenu bado ana pilau la harusi mdomoni," akawaambia wanawake waliokuwa njiani, wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini jioni hiyohiyo alikuja kumwambia mama mkwe kwamba leo asubuhi ana maji kidogo ya kutuazima.

Kwa hiyo leo tumeamka na ukungu, tukarudishia tangawizi udongo, mimi na mama. Hakunifokea. Alichukua bonge la udongo na kipande cha mgomba, akaziba mdomo wa mfereji, akaacha upenyo wa kiganja kimoja. Maji yakaingia polepole, yakanywewa na tuta la kwanza, yakasogea la pili. Tulikaa kwenye jembe tukiyangoja.

"Elinami amekuambia nini kinachokuharibia akili?" mama akasema, macho yake kwenye maji.

Nikamwambia.

Aliinuka akayafungulia maji tuta la tano. Kisha akanisimulia jambo ambalo Elinami hajawahi kulisema. Miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni na sukari, baba yake alishuka kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Baadaye mashamba yakauzwa, watu wakapunguzwa, naye akaona aibu kurudi mikono mitupu. Akaenda mbele zaidi kutafuta, bila kuaga, bila barua. Aliporudi, Elinami alikuwa ameshaanza shule. Mtoto alimfungulia mlango akasema, "Shikamoo, mgeni."

Mama alisema hivyo bila kulia. Mimi ndiye niliyelia.

"Sikukusimulia ili umwambie arudi," akasema. "Wala ili umwambie akae. Mimi sikuulizwa, mwanangu. Wewe umeulizwa. Sasa usimnyamazie mwanangu kama baba yake alivyoninyamazia."

Maji yalifika tuta la mwisho jua likiwa limeshapanda nyuma ya ukungu. Hakuna mche ulioyumba.

Nakiri hapa ambapo hakuna anayeniona: sitaki akae. Namtaka hapa, aniazime bega, anicheke ninavyokosea mfereji. Kitanda ni kikubwa mno. Nikisikia pikipiki inapanda nasimama kama mjinga.

Lakini nimeyaona maji yakikimbizwa, nimeona yalichofanya.

Naandika haya nikiwa juu ya jiwe. Mara tatu nimeandika "rudi", mara tatu nimefuta. Nilichotuma ni hiki: "Kaa umalize, mpenzi. Ila kila Ijumaa unipigie, hata kama huna jipya, na Krismasi nikuone. Nimehamisha zamu ya maji iwe asubuhi."

Bado inaonyesha tiki moja. Nimevuta kola mpaka puani na sishuki hadi zitimie mbili.

Harufu yake itakaa kwenye sweta hili mpaka lini?